Barua kwa Mwanangu Kuhusu Nishani Zisizoandikwa kwenye Cheti Chako cha Jeshi

Mwanangu mpendwa Baraka,

Marahaba. Barua yako nimeipata Jumanne, na nimeisoma mara mbili kabla ya kukaa kuijibu. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni jinsi ya kuisahihisha DD 214 yako, ile fomu uliyokabidhiwa ulipoacha jeshi la Marekani mwaka 2022, ambayo haionyeshi kwamba uliwahi kufika Afghanistan, haina Medali ya Kampeni ya Afghanistan, na haina ile Medali ya Pongezi ya Jeshi uliyosomewa mbele ya wenzako. La pili ni kama kuna haja ya kuhangaika kwa ajili ya vipande viwili vya utepe ambavyo, kwa maneno yako, hutavivaa tena. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu naona ndilo linalokushika miguu.

Haja ipo, na haihusu kifua chako tu. Mwaka jana daktari alikuambia una pumu. Sheria inayoitwa PACT, iliyotiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2022, inasema kwamba askari aliyetumikia Afghanistan wakati wowote tangu tarehe 11 Septemba 2001 anachukuliwa kuwa alivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka za kambini, na pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi imo katika orodha ya maradhi ambayo Idara ya Masuala ya Maveterani inapaswa kuyahusisha na moshi huo, bila ya mgonjwa kudaiwa athibitishe kwamba ndio uliomdhuru. Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba mguu wako ulikanyaga pale. Sasa tazama kisanduku cha 12f kwenye fomu yako, kinachohesabu utumishi wa nje ya nchi: miaka sifuri, miezi sifuri, siku sifuri. Afisa atakayefungua dai lako atakutana na sifuri hizo kabla hajakutana na kifua chako.

Halafu kuna kazi za serikali ya shirikisho unazoziomba. Waliokuwa jeshini kati ya Septemba 2001 na Agosti 2010 waliweza kupata pointi 5 za upendeleo, zinazoongezwa kwa askari wa zamani anapoomba kazi, kwa kutumikia zaidi ya siku 180 mfululizo. Wewe uliingia mwaka 2016, kwa hiyo mlango huo ulikuwa umekwisha kufungwa, na kinachokufungulia pointi hizo ni medali ya kampeni yenyewe. Huo ndio utepe unaouona hauna kazi.

Usidhani kwamba kuna mtu aliyekusudia kukudhulumu. Unajua kuwa nilikuwa karani wa utumishi katika Jeshi la Nchi Kavu kwa miaka minane, na fomu za namna hiyo nimeziandaa kwa mikono hii. Karani hakujui. Anafungua faili lako la kielektroniki na muhtasari wa utumishi wako, anaandika anachokikuta humo, na karatasi isiyoskaniwa kwake ni sawa na jambo lisilotokea. Wewe ulitolewa kwenye kombania yako ukaambatanishwa na kikosi kingine kwa amri ya uhamisho wa muda, na watu wa namna yako ndio wanaopotea sana: kikosi kilichokupeleka kinadhani uliko wataandika, na kikosi kilichokupokea kinadhani walikotoka watu hawa wataandika. Mimi mwenyewe miezi yangu ya Kuwait haikuandikwa kwenye fomu yangu. Siku ya mwisho niliwekewa karatasi mezani katika ofisi iliyojaa watu, wewe ukinisubiri shuleni, nikatia sahihi kisanduku cha 21 bila kusoma vilivyo juu yake. Kusahihisha kosa hilo kulinichukua zaidi ya mwaka mmoja, na yote ninayokueleza hapa niliyajua vizuri zaidi kwa kuyapitia kuliko nilivyoyajua nikiwa karani.

Tuanze na Afghanistan, maana hilo ndilo jepesi. Medali ya Kampeni haipendekezwi na mtu wala haihitaji sahihi ya kanali. Ukikaa ndani ya nchi ile siku 30 mfululizo, au siku 60 zisizofuatana, katika kipindi kilichoanza tarehe 24 Oktoba 2001 na kumalizika tarehe 31 Agosti 2021, ni haki yako. Wewe ulikaa karibu miezi tisa. Kazi iliyopo ni kuonyesha tarehe tu, na karatasi bora ni ile amri ya uhamisho wa muda pamoja na hati za madai ya safari ulizojaza uliporudi.

Kama amri hiyo huna, usikate tamaa, kwa sababu mshahara unakumbuka. Katika lile sanduku la plastiki uliloniachia gereji nimekuta stakabadhi zako za mshahara za mwaka 2019, nikazipanga mezani kwa miezi. Stakabadhi ya Aprili inaonyesha malipo ya eneo la hatari ya dola 82.50, na ya Mei inaonyesha dola 225 kamili. Malipo hayo hukokotolewa kwa dola 7.50 kwa siku hadi yafike 225 kwa mwezi. Gawanya 82.50 kwa 7.50 utapata siku 11, na siku 11 za mwisho za Aprili zinaanza tarehe 20. Nilipoliona hilo nilikaa kimya kidogo, kwa sababu tarehe 20 Aprili ndiyo siku uliyonitumia ujumbe wa maneno mawili, "Mama nimefika," na tangu siku ile mpaka Januari sikuwahi kulala usiku mzima. Kwa hiyo karatasi ya mhasibu ambaye hajawahi kukuona inataja siku ile ile ninayoikumbuka mimi. Tia na ya Januari 2020, ambayo kwa hesabu hiyo hiyo itaonyesha siku uliyoondoka.

Ombi hilo usilipeleke kwenye Bodi ya Marekebisho ya Kumbukumbu za Jeshi, ingawa marafiki zako wamekushauri hivyo. Kosa la kuandika halihitaji majaji. Kwa kuwa uliacha jeshi baada ya mwaka 2002, kumbukumbu zako ni za kielektroniki na ziko chini ya Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi huko Fort Knox, Kentucky. Omba kwanza nakala ya faili lako lote, ulisome ukurasa kwa ukurasa, kisha andika barua fupi ukitaja kisanduku kwa kisanduku: 12f kisome hivi, 13 kiongezwe medali hii, 18 kitaje utumishi wa Afghanistan kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na mbele ya kila kosa taja namba ya kiambatisho kinacholithibitisha. Peleka nakala, asili zibaki kwako. Wakikubali hawatakupa DD 214 mpya, watakupa DD 215, ambayo ni karatasi ya marekebisho, na kuanzia hapo karatasi hizo mbili zisitengane popote utakapoombwa mojawapo. Nakusihi usiandike chochote kwa kalamu juu ya DD 214 yenyewe, hata kama unaandika kweli tupu.

Medali ya Pongezi ni jambo jingine, na hapa ndipo nataka uwe mwangalifu. Umeniandikia kwamba jina lako lilisomwa mstarini, mkapewa vyeti wewe na wenzako watatu, na chako kikapotea ulipohama. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa, basi nishani hiyo ilikwisha kuidhinishwa, na mahali fulani ipo amri ya kudumu yenye namba yake. Namba hiyo ndiyo unayoitafuta. Wengi hawajui kwamba tarakimu tatu za mwanzo za namba ya amri ni siku ya mwaka: amri iliyoanza na 010 ilitolewa tarehe 10 Januari. Wapigie wale watatu uliosimama nao. Ikiwa mmoja wao bado ana cheti chake ukutani au kwenye faili, aipige picha sehemu ya chini palipoandikwa namba ya amri, kwa kuwa amri zilizotolewa siku moja kwa watu wa tukio moja mara nyingi hufuatana, na ukimpa karani namba ya jirani yako ya tarehe ile ile hana visingizio vingi vya kushindwa kuipata yako. Muombe pia mmoja wao aandike maelezo ya kiapo kwamba alikuona ukivishwa, ataje mahali na siku, na aliyesoma ni nani. Maelezo ya kiapo hayachukui nafasi ya amri, ila yanaisindikiza.

Ikitokea kwamba amri haipo kabisa na kilichofanyika ni pendekezo lililoishia mezani kwa mtu, njia inakuwa ndefu. Pendekezo la nishani kama hiyo, linaloandikwa kwenye fomu ya DA 638, hutakiwa kuingia katika mfumo ndani ya miaka 2 tangu tendo lenyewe, na wewe miaka hiyo imekwisha kupita. Hata hivyo sheria inamruhusu mbunge au seneta wako aliombe Jeshi lizingatie pendekezo lililochelewa. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Lazima aliandike mtu aliyekuongoza au aliyeshuhudia, na ndiyo maana nakuhimiza umtafute yule sajini wako sasa, angali anakumbuka na angali na namba ile ile ya simu. Nikiwa karani niliwapokea wazee wa Vietnam ambao kila kitu chao kilikuwa sahihi isipokuwa kwamba kila shahidi waliyemtaja alikuwa amekwisha kuzikwa.

Bodi ya Marekebisho ya Kumbukumbu za Jeshi ni ya mwisho, Fort Knox wakikataa. Ombi ni fomu ya DD 149, halilipiwi, na wakili si lazima. Sheria inatoa miaka 3 tangu ulipoligundua kosa. Bodi inaweza kukusamehe kuchelewa kwa maslahi ya haki, lakini usiutegemee msamaha huo, maana wanaweza kusema uliligundua siku ulipotia sahihi. Itaanza kwa kuamini kwamba Jeshi liliandika sawasawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Kesi nyingi hutakiwa kumalizika ndani ya miezi 10, na hakuna inayopaswa kupita miezi 18. Ukifika huko, barua ya Fort Knox ya kukukatalia utaiambatanisha, kwa hiyo hata jibu baya lihifadhi.

Labda unashangaa kwa nini naandika kwa ukali. Babu yangu, unayemjua kwa picha tu, alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mpaka anafariki kule Tabora alikuwa na namba yake ya jeshi kichwani, akiitamka kwa Kiingereza kama anayejibu majina gwarideni. Cheti chake cha kuachishwa jeshi alikiweka katika sanduku la mbao chini ya kitanda, na mchwa wakalila sanduku pamoja na vilivyokuwemo. Nikiwa na miaka kumi nilimsindikiza mara moja kwenda kuuliza kuhusu medali zake. Tuliulizwa karatasi. Yeye akataja namba. Tukaulizwa tena karatasi.

Stakabadhi zote nimezitoa nakala mbili mbili, na seti moja nimeituma leo kwa posta ya kusainiwa. Asili ziko kwangu kwenye faili la kijani. Kabla ya Jumapili mpigie yule mwenzako wa Ohio umuulize kama cheti chake bado anacho, kisha unipigie uniambie namba. Usisahau kumeza dawa yako.

Mama yako,
Killeen, Texas