Volti 100 na 207 zinawezaje kuwa 230?

Swali: Shikamoo mhandisi. Najifunza ufundi umeme hapa Moshi, naishi Pasua. Nimepima taa ya tyubu ya futi nne yenye choki ya zamani, ile koili inayozuia mkondo usizidi. Kwenye tyubu nimepata volti 100, kwenye choki 207. Jumla ni 307, na soketi inatoa 230 tu. Mita yangu ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Mita ni nzima. Inakupa ukubwa wa kila volti, ila haikwambii ni saa ngapi volti hiyo imefika kileleni, na hizi mbili hazifiki pamoja. Volti ya tyubu huenda sambamba na mkondo. Ya choki hutangulia mkondo kwa robo mzunguko, yaani nyuzi 90. Kwa umeme wetu wa hezi 50 hiyo ni milisekunde 5.

Toka Mnara wa Saa, tembea mita 100 mashariki, kisha 207 kaskazini. Miguu imekwenda 307, lakini ukipimwa moja kwa moja uko mita 230 tu kutoka mnarani. Fazori ni mshale wa namna hiyo: urefu wake ni volti, mwelekeo wake ni wakati.

Chukua rula, sentimita 1 iwe volti 20. Chora mkondo ulale. Volti ya tyubu ilale juu yake, sentimita 5. Kwenye ncha yake simamisha ya choki, sentimita 10.35. Unganisha mwanzo na mwisho: sentimita 11.5, ndiyo 230 yako. Vyuoni wanaanza na namba changamano, njia aliyoieneza mhandisi Steinmetz mwaka 1893. Mimi nasema rula kwanza.

Sasa pima pembe kati ya mkondo na mstari huo wa 230: karibu nyuzi 64. Mkondo umechelewa kiasi hicho nyuma ya volti ya soketi, kwa hiyo pawa fakta, yaani sehemu ya mkondo inayofanya kazi kweli, ni kama 0.43 tu. Tuseme taa inavuta ampia 0.43. Ukifunga kapasita ya mikrofaradi 4.5 kati ya laini na nyutro, mshale wake wa ampia 0.32 unaelekea upande wa pili na kufuta sehemu kubwa ya ucheleweshaji. Mkondo wa waya unashuka hadi karibu 0.2, mwanga uleule.

Usishangae vipimo vyako vikipishana kidogo na mchoro. Waya wa choki una ukinzani wake, na wimbi la tyubu si laini kama la kitabuni. Na hiyo kapasita, hata umeme ukizimwa, usiiguse kabla hujaitoa chaji.