Sataranji: maswali yenu kuhusu ngome ya d4

Maswali karibu yote ya safari hii yanarudi kwenye mchezo mmoja: Garry Kasparov wa Urusi dhidi ya Veselin Topalov wa Bulgaria, Wijk aan Zee, Uholanzi, tarehe 20 Januari 1999. Toa ubao uupange kabisa, maana majibu haya ukiyasoma hewani yatakuchosha bure. Kila mraba una jina: herufi ni safu wima kuanzia kushoto kwa Weupe, namba ni mstari wa mlalo kuanzia upande wao. Namba inayotangulia hatua, kama 25, ni ya hatua yenyewe.

Weupe (Kasparov): mfalme b1, malkia f4, ngome d1 na e1, askofu h3, farasi a5, askari a3, b2, c2, d5, f3, g3 na h2. Weusi (Topalov): mfalme a7, malkia d6, ngome d8 na h8, askofu a8, farasi f6, askari a6, b5, c5, d4, f7, g6 na h7. Kete ziko sawa kwa sawa, na ni hatua ya 24, zamu ya Weupe.

*Kasparov alitoa ngome kwa askari mmoja, papo hapo akaitupa na ya pili. Aliyaona yote yale au alibahatisha? (Msomaji, Kongowea)*

Hakubahatisha. Lakini usidhani pia alianza kwa kuhesabu hatua 20. Mahali pa kuanzia ni mfalme wa a7: ana pa kukimbilia? Mraba wa a8 umezibwa na askofu wake mwenyewe. Wa b7 unalindwa na farasi wa a5. Akienda b8 hawezi kusogea hadi c8, kwa kuwa askofu wa h3, anayeonekana kama kasahauliwa pembeni, anaumulika mshazari wote kutoka h3 mpaka c8. Mfalme huyu yuko chumbani na mlango umeshafungwa. Kinachokosekana ni njia ya kumfikia, na njia hiyo ni mshazari wa d4 hadi a7, uliozibwa na askari wawili weusi, wa d4 na wa c5.

Ndiyo maana ngome ya d1 inakula d4. Askari wa c5 akiila, wote wawili wameuhama ule mshazari kwa hesabu ya Weupe: c5 iko tupu, na aliyeingia d4 ataliwa kwa cheki, yaani hatua inayomshambulia mfalme.

Hapa wengi hukosea. Wanakimbilia 25 malkia kula d4, cheki. Malkia mweusi anarudi d6 hadi b6, anaziba, na moto umezimika. Kwa hiyo Kasparov kwanza alimpa malkia huyo kazi nyingine: 25 ngome e7, cheki. Malkia akiila ngome, b6 haifikii tena. Fuata sasa: 26 malkia anakula d4, cheki, mfalme b8. 27 malkia b6, cheki, askofu anaziba b7. 28 farasi c6, cheki, na yule askofu hawezi kumla farasi kwa sababu amebanwa mbele ya mfalme wake. Mfalme a8, 29 malkia a7, mati: mfalme ameshambuliwa na hana pa kuponea. Na kama katika hatua ya 26 malkia mweusi ataziba pale c5, analiwa, maana hakuna anayeulinda mraba huo.

Topalov aliliona hilo, akamtoa mfalme b6 badala ya kula ngome ya e7. Matokeo yake mfalme alikokotwa ubao mzima, a5, a4, a3, hadi e1 kwenye mstari wa kwanza wa Weupe. Alikubali kushindwa hatua ya 44.

*Kwenye drafti ukiwekewa kete lazima ule. Je, Topalov alilazimika kuila ile ngome ya kwanza? (Mchezaji wa drafti, Makadara)*

Hapana, na hapo ndipo wachezaji wa drafti wanapoponzwa wakihamia sataranji: mkono umezoea kula. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa hatua nzuri ilikuwa 24 mfalme b6. Anamtishia farasi wa a5, na askari wa c5 anabaki pale pale, kwa hiyo mshazari haufunguki. Weusi wangeshika mchezo vizuri tu. Ukitolewa kete kubwa, uliza kwanza: nikila, ni mraba gani ninaouacha wazi? Kama huna jibu, usile bado.

Kwa haki, Kasparov naye hakucheza kila hatua bila dosari. Hatua ya 28 ya mchezo wenyewe alimpeleka malkia c3, ilhali ngome a7 ingemaliza kazi mapema zaidi.

*Hatua ya 36 mfalme mweusi yuko d1, uchi wa mnyama, na Kasparov anasogeza askofu f1 bila cheki. Kwa nini? (Msomaji, Mji wa Kale)*

Swali zuri kuliko yote. Kufikia hapo malkia mweupe yuko b2, ngome b7, askofu h3. Malkia mweusi yuko c4, ngome zake d8 na h8. Cheki za ovyo zingemsaidia mfalme kutoroka. Askofu wa f1 anamshambulia malkia wa c4. Malkia huyo akimla, 37 malkia mweupe c2, cheki, mfalme e1, 38 ngome e7, cheki, malkia mweusi anaziba e2, analiwa, mati.

Topalov alijibu kwa ngome d2, akimtishia malkia mweupe. Jibu likawa 37 ngome d7. Angalia faili la d, yaani safu wima ya d: ngome ya d2 sasa imebanwa kati ya ngome ya d7 na mfalme wa d1, hairuhusiwi kumla malkia wa b2. Ikaila d7, askofu akala malkia c4, askari wa b5 akamla askofu, na malkia mweupe akateleza kutoka b2 hadi h8 kula ngome ya mwisho iliyosinzia. Malkia dhidi ya ngome; yaliyobaki ni kumalizia.

*Nafanya mafumbo ya simu kila siku kwenye feri ya Likoni na napata mengi. Nikikaa mezani sioni kitu. Tatizo nini? (Msomaji, Likoni)*

Tatizo ni kwamba fumbo linakunong'oneza: hapa kuna kitu, tafuta. Mezani hakuna wa kukunong'oneza. Tena kwenye simu unacheza hatua ya kwanza kwa kukisia, simu ikikubali unaendelea. Hapo umefunza kidole, jicho bado.

Punguza. Mafumbo 10 kwa siku yanatosha, lakini usiguse kioo mpaka uwe umeusema mstari mzima hadi mwisho, pamoja na jibu gumu kuliko yote la mpinzani. Ukikosea jibu la mpinzani, hesabu umekosa hata kama hatua yako ya kwanza ilikuwa sahihi. Ukipata 9 au 10, panda daraja. Ukishuka chini ya 6, rudi nyuma. Mara mbili kwa wiki panga nafasi kutoka mchezo halisi kwenye ubao wa mbao, bila kujua kama kuna mbinu au hakuna. Nyingine hazina, na kulitambua hilo ni nusu ya kazi.

Mezani, kila mpinzani anapocheza, angalia mambo mawili kabla ya jingine lolote: hatua yake imeacha mraba gani, na ni kete gani sasa haina mlinzi. Baada ya hapo pitia cheki zako zote, hata za kipuuzi, kisha unachoweza kula, kisha vitisho. Kwa utaratibu huo huo. Ukianza na vitisho utaipita cheki iliyo mbele ya pua. Usifanye hivi kwa dakika tano kila hatua, saa itakuisha. Nusu dakika inatosha ubao ukiwa shwari. Dakika zako ziweke akiba kwa pale kete za pande mbili zinapoweza kulana.

*Mbinu za namna hii hupatikana hata kete zikibaki chache? (Msomaji, Tudor)*

Hupatikana. Linares, Hispania, 1998, Topalov (pole yake) akiwa Weupe dhidi ya Alexei Shirov. Weupe: mfalme g1, askofu c3, askari g2 na h4. Weusi: mfalme e6, askofu f5, askari a4, d5, f6 na g6. Hatua ya 47 Shirov alimweka askofu h3, aliwe bure. Sababu: mfalme mweusi alihitaji kupita f5 kwenda e4, na askofu wake ndiye aliyemkalia njia. Kumwondoa kwa hatua ya kawaida kungempa mfalme mweupe nafasi ya kuwahi katikati. Pale h3 anatishia g2, Weupe wakamla kwa askari, mfalme f5, mfalme mweupe f2, mfalme mweusi e4. Amewahi kwa hatua moja. Weupe walikubali kushindwa baada ya hatua ya 53 ya Weusi, mfalme mweusi akiwa b3 na askari wa a4 na d4 wakingoja kushuka.