Kabla hujaandika mheshimiwa "amefanya makubwa"

Wadogo zangu mnaoanza kuandika habari za siasa, hasa nyie mliopewa kazi ya kumpima mbunge au rais aliyemaliza muda wake, ngoja niwaambie nilivyoumbuka mi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa jimbo moja huko kusini, nikakuta zahanati imepakwa rangi safi, ukutani jiwe lina jina la mheshimiwa na tarehe, bas nikapiga picha nikaandika mbunge kajenga zahanati. Habari ikatoka. Baada ya wiki mbili nimerudi kwa shughuli nyingine, mzee mmoja wa serikali ya kijiji kanishika mkono mpaka ofisini kwao, katoa daftari limeng'oka jalada, ndani majina ya kaya zote, nani alileta tofali, nani alichota maji, nani alitozwa debe la mahindi kwa kutoroka zamu. Kumbe boma lilisimama kwa nguvu za wananchi miaka kadhaa kabla mheshimiwa hajafikiria hata kuchukua fomu, likakaa bila paa, halmashauri ikaja kuezeka, yeye kaja siku ya utepe. Mzee hata hakufoka. Kaniuliza tu, "mwanangu, we ulisoma jiwe?"

Toka siku hiyo kila nikiona mradi nauliza nani alianzisha, hela ilitoka fungu gani, nani kamalizia, na deni anaendelea kulipa nani. Chukua daraja la Kigamboni: ujenzi ulianza 2012 enzi za Kikwete, Magufuli kalizindua Aprili 2016, na sehemu kubwa ya hela ni ya NSSF, yani makato ya mishahara ya wafanyakazi. Sasa hapo unamwandikia nani?

Lakini penye mtego hasa ni elimu bure. Vijana wengi nikiwauliza wananiambia ni Magufuli, na hawajakosea, ila wamekula kipande. Nyerere alifuta ada ya msingi miaka ya 70, enzi za Mwinyi mambo ya kuchangia yakarudi, tuliosoma wakati ule tunaikumbuka hela ya UPE, yani mchango wa elimu ya msingi, usipoleta unarudishwa nyumbani na daftari lako kwenye mfuko wa rambo. Mkapa ndo akaifuta tena 2001, mwaka uliofuata ukaja MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, kwa hela ambazo sehemu yake ni mkopo wa Benki ya Dunia na zilienda sambamba na misamaha ya madeni ambayo nchi ilikuwa imeanza kupata. Kikwete akaja na shule za kata. Magufuli Januari 2016 akaondoa ada ya sekondari mpaka kidato cha nne, ile 20,000 ya kutwa, akapiga marufuku na michango, Samia kaongeza cha tano na cha sita. Kila kampeni chama kinasema "tumeleta elimu bure" na kila mmoja ana haki na kipande chake, kazi yako ni kuonyesha kipande ni kipi. Alafu usiishie kwenye tangazo, nenda darasani uhesabu watoto wangapi kwa dawati moja, maana ada ikifutwa watoto wanamiminika siku hiyo hiyo, mwalimu hapatikani siku hiyo hiyo.

Mkapa huyo huyo ndo mfano wangu nikifundisha wageni kwa sababu hakubali kuwekwa kwenye kapu moja. Enzi zake TRA, mamlaka ya kodi, ilianza kazi 1996, ikawepo TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, na TANROADS, wakala wa barabara, daraja la Rufiji linalobeba jina lake lilifunguliwa 2003, watu wa Lindi na Mtwara wanajua maisha ya kivuko yalikuwaje. Na enzi zake hizo hizo Januari 2001 waandamanaji Unguja na Pemba walipigwa risasi na polisi, wengine wakakimbilia Shimoni huko Kenya. Kwenye kumbukumbu zake zilizotoka 2019 alikiri mwenyewe kwamba lile ni doa. Usije ukatoa mahesabu ya daraja toa maiti, hayatoi jibu. Yaandike yote mawili, kila moja kwa uzito wake, na ubinafsishaji nao, ukimuuliza aliyepunguzwa kazi kiwandani na ukimuuliza mfanyabiashara utadhani wanaongelea marais wawili.

Kitu kingine, makala ya tathmini usiiandike wiki ya msiba. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, Julai 2020 Mkapa alipofariki hata waliomtukana miaka yote walikuwa wanalia redioni. We kusanya tu, weka, subiri. Soma Hansard, yani kumbukumbu za maneno ya bungeni, za kipindi chake uone aliuliza nini bungeni na alinyamaza wapi, soma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinachosha lakini ukurasa wenye jina la halmashauri yako hauchoshi hata kidogo.

Na kijijini nenda siku ambayo mheshimiwa hayupo, diwani hayupo, bila gari lenye bendera, kaa kwenye benchi la mama anayekaanga mihogo. Lile daftari la mzee nilipata kupiga picha kurasa mbili tu kwenye simu, chaji ikakata.