Kaboni ya shambani Bungoma na Kisumu
Je, wakulima wa Bungoma na Kisumu, magharibi mwa Kenya, walilipwa kweli kwa kuhifadhi kaboni shambani? Ndiyo, walilipwa, si porojo. Mradi wa Vi Agroforestry, shirika la Uswidi la kilimo-mseto cha miti, ulipata hati zake za kwanza za kaboni ya udongo Januari 2014, yaani vyeti vya kuuza kaboni iliyohifadhiwa, na mnunuzi alikuwa Benki ya Dunia. Kinachohesabiwa ni kaboni inayobaki shambani ukiacha kuchoma mabua, ukayatandaza, ukatia mboji na kupanda miti kama kaliandra kando ya mahindi. Ila usiote bati la nyumba: hati moja ni tani nzima ya kaboni dioksidi, na pesa hupitia kwa vikundi, kwa hivyo inayokufikia ni ya sukari na majani. Faida utaiona kwenye magunia. Ukirudia kuchoma, kaboni nayo inarudi hewani.