Kusimamia, kudhibiti au kukagua Usalama wa Taifa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Nachingwea. Tunaandika maoni yetu kuhusu Katiba mpya na tumekwama kwenye sentensi moja: "Kuwe na chombo huru cha usimamizi wa usalama wa taifa." Mmoja wetu anasema ikisomwa hivyo, itaonekana Usalama ndio wanaosimamia. Wa pili anataka "udhibiti", wa tatu anataka "uangalizi". Lipi sahihi? Na je, "shushushu" linafaa katika maandishi rasmi?

JIBU: Marahaba. Huyo wa kwanza msimbeze, kaona mbali. Kabla ya kugombana juu ya "usimamizi", tazameni ile "wa" inayofuata. Jina lililotokana na kitenzi likifuatwa na a-unganifu, huwa halisemi nani mtenda na nani mtendwa. Malezi ya bibi ni bibi kulea, malezi ya watoto ni watoto kulelewa. Ulinzi wa mgambo, ulinzi wa ghala: umbo lile lile, maana zimegeuka. Kwa mgambo na ghala hatupotei, maana ghala haliwezi kulinda. Lakini Usalama wa Taifa wanaweza kusimamia na wanaweza kusimamiwa, kwa hiyo akili ya msomaji haina pa kushika.

Tena mmeandika "usalama wa taifa" kwa herufi ndogo. Hapo mmeongeza maana ya tatu: kusimamia hali ya usalama wa nchi, kazi ambayo ndiyo ya Idara yenyewe ya ujasusi. Mkisoma waraka kwa sauti mbele ya kikao, hata herufi kubwa haitasikika. Andikeni "Idara ya Usalama wa Taifa", kisha tumieni kitenzi chenye kiambishi cha mtendwa: chombo kinachoisimamia Idara. Ile "-i-" inamaliza ubishi.

Sasa kitenzi chenyewe. "Kusimamia" kina nasaba nzuri. Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge madaraka ya kusimamia na kuishauri Serikali "na vyombo vyake vyote". Hakuna chombo kilichoachwa nje hapo, na Bunge lina kamati yake ya mambo ya nje, ulinzi na usalama. Shida ni kwamba kitenzi hicho hicho hutumika kwa bosi. Waziri anasimamia wizara, fundi mkuu anasimamia vibarua. Idara ya Usalama wa Taifa, iliyowekewa sheria yake mwaka 1996, iko chini ya Ofisi ya Rais na Mkurugenzi Mkuu wake anateuliwa na Rais. Msimamizi wa namna hiyo tayari yupo. Nyinyi mnataka mtu wa nje.

"Kudhibiti" ni kukamata kabla jambo halijatendeka. Tazameni cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, maneno mawili yenye kazi mbili: kama mdhibiti, anahakikisha fedha hazitoki Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini, kama mkaguzi, anapekua hesabu baada ya matumizi. Katika ujasusi tofauti hiyo ni kubwa mno. Uingereza, kwa sheria ya 2016, hati ya kunasa mawasiliano ya mtu ikishasainiwa na waziri, bado inahitaji kuidhinishwa na kamishna ambaye ni jaji au aliwahi kuwa jaji wa ngazi ya juu. Huo ni udhibiti. Norway ina kamati inayochaguliwa na Bunge, inayofanya kazi tangu 1996. Inaingia kwenye ofisi za majasusi, inapekua majalada na kulitolea Bunge taarifa, ila haina mamlaka ya kuwaamuru. Huo ni ukaguzi. Afrika Kusini wana Inspekta Jenerali wa Ujasusi, ambaye Katiba yao inataka aidhinishwe na theluthi mbili ya Bunge, na mwananchi anaweza kumpelekea malalamiko.

Mkiwa watu wa korosho mtaelewa haraka: karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anapima, bodi inamsimamia karani, na Wakala wa Vipimo anakuja kukagua mizani. Hakuna mkulima anayemwita mtu wa Vipimo msimamizi wa karani.

"Uangalizi" liacheni. Waangalizi wa uchaguzi huja, hutazama, huandika ripoti, huondoka. Na mgonjwa aliye "chini ya uangalizi" ndiye anayetazamwa. Kwa idara ambayo kazi yake ni kutazama watu, neno hilo litachekesha.

Angalieni pia msije mkateleza na kuandika "vyombo vya ulinzi na usalama" mkimaanisha Idara. Huku kusini maneno hayo tumeyazoea: wanajeshi Mtwara mjini Mei 2013 wakati wa vurugu za bomba la gesi, wanajeshi kwenye maghala ya korosho Novemba 2018, shambulio la kijiji cha Kitaya, mpakani na Msumbiji, Oktoba 2020. Lakini ndani ya "vyombo" mna jeshi (JWTZ), Polisi na wengine, kila mmoja na sheria yake.

"Huru" ndilo lingenikosesha usingizi kuliko yote. Msiandike "huru kutoka kwa Serikali", si Kiswahili hicho. Semeni chombo hakipokei amri ya nani. Katiba yenyewe inafanya hivyo kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora: ibara ya 130 inaiita idara huru inayojitegemea, kisha inaeleza kuwa hailazimiki kufuata amri za watu au idara za Serikali. Someni na kijifungu kinachofuata, ambapo Rais anaweza kuipa maagizo akiridhika kuwa masilahi ya taifa yanahitaji hivyo. Neno "huru" halijaondolewa, liko pale pale.

Ningewaandikia hivi: "Kiwepo chombo kisichopokea amri ya Serikali wala ya chama chochote, chenye mamlaka ya kuikagua Idara ya Usalama wa Taifa, kuona majalada yake, kupokea malalamiko ya wananchi dhidi yake na kulitolea Bunge taarifa." Kama mnataka pia idhini kabla ya simu kunaswa, hilo ni udhibiti, liandikieni sentensi yake.

"Shushushu" ni la kijiweni, na lina kejeli ndani yake. Kwenye waraka andikeni "ofisa wa Idara". "Usalama walikuja", kwa upatanisho wa watu, ni sawa kabisa katika mazungumzo; kwenye waraka, Idara "ilikuja".