Shemine Isizibwe kwa Ajili ya Televisheni

Swali: Ndugu mhariri, tunakusalimu kutoka Muhumba, hapa Bukavu. Tumehamia katika nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Saluni yake, yaani sebule, ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, na katikati ya ukuta mfupi kuna shemine ya matofali, mahali pa kuwashia moto wa kuni. Baba watoto anataka tuizibe kwa saruji, tutundike televisheni mahali pake na kuzielekeza fotei zote huko. Mimi ninasita, kwa maana mwezi wa saba baridi ya usiku inatufikia hadi mifupani. Tuizibe au tuiache? Na tukiiacha, viti tuviweke wapi? (Mama Neema)

Jibu: Mama Neema, ninakusihi usikubali saruji kabla hamjaijaribu shemine hiyo. Waliojenga nyumba za Muhumba na Nguba, mji ulipokuwa bado ukiitwa Costermansville, walijua kwamba Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kwamba usiku wa kiangazi hapa unahitaji moto. Tena saluni iliyopangwa kuuzunguka moto huwakalisha watu wakitazamana, ilhali ile iliyopangwa kwa ajili ya televisheni huwakalisha wote wakitazama upande mmoja kama abiria ndani ya basi.

Hata hivyo, kabla ya kuhamisha kiti chochote, shughulikieni moshi. Fungeni madirisha kama mnavyoyafunga usiku, mwashe karatasi moja ya gazeti na kuishika ndani ya mdomo wa shemine, karibu na koo la dohani, pale moshi unapoanza kupanda. Moshi ukivutwa juu, dohani inapumua. Ukikurudia usoni, kuna kitu kimeiziba au imejengwa vibaya. Tazama pia matofali yaliyo juu ya mdomo: yakiwa meusi, moshi umekuwa ukirudi chumbani. Katika nyumba moja ya Nguba niliyoitembelea, wenyeji walikuwa wamepaka rangi nyeupe mahali hapo mara tatu, na mara zote tatu weusi ulirudi, mpaka fundi alipopanda juu ya mabati na kutoa ndani ya dohani ndoo nzima ya vijiti, manyoya na majani makavu, kiota ambacho ndege walikuwa wamekiongeza mwaka baada ya mwaka. Kama hakuna kizuizi na moshi bado unarudi, fundi mwashi apime mambo mawili. La kwanza ni kimo: kichwa cha dohani kipite kwa sentimita 60 au zaidi kila sehemu ya paa iliyo ndani ya umbali wa mita 3. La pili ni upana: nafasi ya ndani ya dohani iwe karibu sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Mdomo wenye upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 60 unahitaji dohani ya takriban sentimita 22 kwa 22.

Kuna jambo moja ambalo sitalisema kwa upole. Watu wengi wakiona shemine inatoa moshi huacha kuni, wakaleta mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, katikati ya saluni na kufunga milango. Makala hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuwaua watu wakiwa usingizini. Mbabula ibaki nje.

Sasa tuje kwenye viti. Fotei kubwa isiupe moto mgongo, kwa sababu itauficha na kuwanyima joto wote walio nyuma yake. Wekeni fotei mbili ndefu zikitazamana, kila moja ikiegemea ukuta mrefu wa upande wake. Zikiwa na kina cha sentimita 90 kila moja, kati yake itabaki nafasi ya mita 2.2, inayotosha watu kuzungumza bila kupaza sauti na mtoto kupita bila kugusa meza. Upande wa nne, unaoutazama moto, wekeni viti vyepesi au vigoda vinavyoweza kusogezwa wageni wanapoongezeka. Kiti, pazia na zulia vyote vikae umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwenye moto, na mbele ya mdomo sakafu iwe ya jiwe au vigae kwa sentimita 50, kwa kuwa cheche hairuki kwa adabu. Televisheni isiwekwe juu ya shemine, maana joto huiharibu na shingo za watazamaji huchoka. Kabati fupi la mbao za libuyu katika kona ya ukuta huohuo linatosha, na baba watoto ataitazama akiwa kwenye fotei yake. Kuhusu rangi ninasema neno moja tu: matofali ya zamani yaacheni yalivyo, msiyapake.

Ikiwa shemine inavuta vizuri lakini joto haliwafikii, huenda ni ya kina kirefu mno. Sehemu kubwa ya joto la moto wa wazi hupotea kupitia dohani, na linalotufikia ni lile linalomulika moja kwa moja kutoka kwenye mwali na matofali yaliyopata moto. Kwa sababu hiyo mwanafizikia Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alipendekeza katika maandishi yake ya mwaka 1796 shemine yenye kina kifupi, kuta za pembeni zinazofunguka kuelekea chumbani na koo jembamba. Mwashi mzuri anaweza kuzijenga kuta hizo ndani ya shemine ya zamani bila kuibomoa.

Swali: Ninajenga Himbi, Goma, na ninataka shemine ya mawe ya volkano. Fundi anasema mawe yaliyozaliwa na moto hayawezi kuogopa moto. Ni kweli? (Baba Amani)

Jibu: Fundi wako anasema kweli nusu, Baba Amani. Mawe yaliyoletwa mjini na Nyiragongo mwaka 2002 yalipita katika joto kubwa sana, lakini tangu yapoe yamejaa vitundu, na vitundu hunywa maji ya mvua. Jiwe lenye maji likipashwa moto kwa ghafla, maji hugeuka mvuke na jiwe linaweza kupasuka kwa kishindo. Basi yatumie kwa uso wa nje, ambako weusi wake unapendeza sana ukiwa kando ya ukuta mweupe. Sehemu ya ndani inayoguswa na mwali ijengwe kwa matofali yanayostahimili moto na udongo wake maalumu, kwa sababu saruji ya kawaida hupasuka hapo.

Kuni ziwe za mikaratusi iliyopandwa, si za msitu wa Virunga. Zipasue na kuzipanga chini ya paa kwa miezi sita au zaidi. Ukigonga vipande viwili vikalia kama ubao mkavu, viko tayari. Shemine yenyewe iache ikauke kwa mwezi mzima baada ya fundi kuondoka, kisha uwashe moto wa vijiti tu, na uuongeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa.