Vijana wanadai toleo jipya halina kipya

Mkuu, umesema vijana wa hapo Mwanjelwa wanaocheza Minecraft, mchezo wa kuchimba na kujenga, kwenye kompyuta zako za kulipia wanalalamika: umepakua toleo jipya, hawaoni kitu. Kinachowakwamisha ni ulimwengu wao wa zamani, yaani ramani ya mchezo waliyoihifadhi. Mchezo huo hutengeneza ardhi mchezaji anapoifikia mara ya kwanza, kisha huihifadhi ilivyo. Misitu na majengo mapya hutokea kule ambako hakuna aliyekanyaga. Shamba lililokwishapandwa mahindi haliwezi kuota viazi kwa sababu umenunua mbegu. (Toleo la 1.18 la mwaka 2021 liliongeza tabaka chini ya ardhi ya zamani, lakini usitegemee hilo kila mara.)

Kwa hiyo waende mbali, upande wasioujua. Kabla ya hapo nakili ulimwengu wao, la sivyo nyumba aliyoijenga mtu mchezoni ikipotea atahamia kwenye kompyuta za jirani yako.

Bandika karatasi ukutani yenye vitu vipya vitatu tu vya kutafuta, kwa Kiswahili, ukitaja mazingira: pangoni, jangwani. Usiwaonyeshe mahali penyewe, utawaharibia utamu. Na kwa michezo ambayo watengenezaji wake bado hawajaikamilisha, andika “bado” kwenye kisichofanya kazi. Usipoandika watakitafuta hadi usiku, halafu wadai hela yao.